Umri wa Kopo

Chini kabisa ya kopo la krimu ya makunyanzi, karibu na namba za kiwandani ambazo watu hawazisomi, kuna mchoro wa kopo jingine dogo lililofunuliwa kifuniko. Ndani ya mchoro huo huandikwa 6M au 12M, na hiyo ni miezi. Kopo likiwa limefungwa huweza kukaa rafuni muda mrefu, lakini siku mwenyewe anapolifungua, hewa ikaingia, mwanga ukaingia, kidole kikachovya, hesabu inaanza, na mwaka au nusu mwaka ukitimia kilichobaki ndani ni cha kutupa. Kila ninaposimama mbele ya rafu za vipodozi mchoro huu hunishika kuliko maandishi ya dhahabu yaliyo upande wa mbele. Upande wa mbele kopo linaahidi kuuzuia wakati. Upande wa chini linakiri kwamba nalo lina umri, kwamba linaanza kuchakaa pale pale linapoanza kutumika, na kwamba kinacholichakaza si kalenda peke yake bali ni kukutana na dunia: hewa, jua, mikono ya watu. Sijapata kusoma maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo kuhusu ngozi ya binadamu, na yameandikwa mahali ambapo mteja hafiki.

Rafu ninazozisema ni za Kariakoo. Ukiingia kwa upande wa Mtaa wa Msimbazi, ukawapita wauza mikoba na wauza mapazia, unafika kwenye maduka ambako taa huwaka mchana kutwa na vioo vimewekwa kila upande, hata mtu hana pa kuikwepa sura yake. Kuna krimu za Ufaransa, za Uturuki, za Korea Kusini, za Thailand, na nyingine ambazo boksi linataja nchi moja na karatasi ya ndani inataja nyingine. Muuzaji, binti ambaye uso wake haujapata hata mstari mmoja, huchota tone kwa kijiti na kulipaka nyuma ya kiganja cha mteja. “Tazama, mama,” husema, “halafu linganisha na mkono wa pili.” Na kweli, papo hapo mistari midogo hufifia, ngozi hung'aa, na mkono wa pili hubaki mkiwa, ukaonekana wa mtu mwingine. Kinachotokea hapo kinaeleweka vizuri. Krimu nyingi zina silikoni, hasa ile iitwayo dimethikoni, ambayo hulala juu ya ngozi, huziba vijibonde na kuutawanya mwanga usizame kwenye mikunjo. Maji na gliserini nazo huivimbisha kidogo ngozi ya juu, na mistari iliyoletwa na ukavu ikajinyoosha. Ukinawa kwa sabuni, vyote vinakwenda na maji. Binti hakudanganya, wala mkono haukudanganya. Ila jaribio la dakika moja hutoa jibu la dakika moja, na mteja hulibeba jibu hilo hadi nyumbani akilihesabu kuwa la miaka.

Basi ligeuze kopo, usome nyuma. Desturi ya viwanda, ambayo katika nchi nyingi ni sheria, ni kuviorodhesha viungo kwa kufuata wingi wake: kilicho kingi kwanza, kilicho haba mwisho, na vile visivyofika asilimia moja hupangwa vyovyote. Cha kwanza karibu kila mara ni maji, yameandikwa kwa Kilatini. Kisha gliserini, kisha mafuta ya aina hii na ile, kisha vitu vya kuifanya krimu iwe nzito na isiharibike. Mara nyingi kile kilichoandikwa mbele kwa herufi za kung'aa, kolajeni au lulu au ute wa konokono, utakikuta mkiani, nyuma ya manukato. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kolajeni yenyewe, hata ingetiwa kijiko kizima, ina tatizo la umbo. Ni kweli kwamba nyuzi za kolajeni ndizo zinazoishikilia ngozi kutoka chini, na kulegea kwa nyuzi hizo ndiko kunakoleta kunyanzi. Lakini watu wa elimu ya ngozi wana kipimo chao: molekuli yenye uzito uliozidi dalton 500 ni nadra kupenya ngozi isiyo na jeraha, na ya kolajeni ni ya dalton zipatazo 300,000. Inayopakwa juu hubaki juu. Haimfikii yule dada yake aliyechoka huko chini.

Hata hivyo nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kopo zima ni hewa. Mwaka 2009 jarida la Uingereza la wataalamu wa ngozi lilichapisha jaribio la krimu moja ya duka la kawaida, No7 ya kampuni ya Boots, lililofanywa kwa watu 60. Baada ya miezi sita, asilimia 43 ya waliopaka krimu kamili walionekana kupungua makunyanzi. Kati ya wenzao waliopaka krimu hiyo hiyo ikiwa imeondolewa viungo vyake maalumu walikuwa asilimia 22. Wauzaji waliikumbuka ile 43. Mimi hubaki na ile 22. Zaidi ya mmoja kati ya watano walipata nafuu kwa maji na mafuta matupu, kitu kisicho na lolote la kutangazwa, kwa sababu tu ngozi yao ilitunzwa asubuhi na jioni kwa nusu mwaka. Duka la dawa la mtaani huuza gliserini katika kichupa cha kawaida, bila boksi, na bibi zetu waliichanganya na maji ya waridi zamani kabla rafu hizi hazijawashwa taa.

Simsuti anayenunua. Kuna maneno mepesi yanayosemwa kuhusu makunyanzi, kwamba ni heshima, kwamba ni pambo la busara, na aghalabu husemwa na watu ambao makunyanzi hayajawagharimu chochote. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, na ni kweli barazani na kwenye posa. Lakini mwanamke wa mapokezi anayemwona mwenzake mwenye umri mdogo akiletwa “kujifunza kazi” anajua kwamba methali hiyo haikuandikwa kwenye mkataba wake. Mwanamume akianza mvi huvutiwa kiti. Mwanamke akianza mvi huulizwa kama anaumwa. Na zaidi ya hapo kuna huzuni ambayo haihitaji jamii kuieleza: ujana ni moshi, ukienda haurudi, na mtu anayo haki ya kuufuata moshi huo kwa macho akiwa peke yake, mbele ya kioo cha bafuni, kabla watoto hawajaamka. Ninachokilaumu ni biashara kuikuta huzuni hiyo na kuigeuza aibu. Julai 2011 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya vipodozi vya kampuni ya L'Oréal, la Lancôme lenye picha ya Julia Roberts na la Maybelline lenye picha ya Christy Turlington, kwa kuwa kampuni haikuweza kuthibitisha kwamba picha hizo hazikutia chumvi kwenye kazi ya kipodozi. Roberts alikuwa na miaka 43. Mwanamke aliyesifiwa uzuri dunia nzima, na uso wake wa kweli haukutosha kuliuza kopo. Sasa yule wa mapokezi analinganishwa na uso ambao hata Roberts mwenyewe hanao.

Shangazi yangu wa Tanga, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alinipigia simu akitaka nimnunulie “hiyo krimu ya makunyanzi ya huko mjini.” Nilishangaa, maana ni mtu ambaye sijapata kumsikia akiutaja uso wake. Nikamuuliza anaitakia nini. “Nikinawa uso unanibana, mwanangu,” alisema. “Nikicheka unaniuma hapa na hapa.” Hakuwa akiomba miaka. Alikuwa akiomba nafuu. Umri ukisogea ngozi hupungukiwa na mafuta yake yenyewe, maji huitoka upesi, ikakauka, ikakaza, ikawasha usiku, na mzee asiye na neno jingine la kuliitia tatizo lake hulitaja kwa jina lililobandikwa dukani. Ni wangapi wanaosimama kwenye rafu ile ile wakiwa na haja hiyo hiyo, ila hakuna aliyewauliza?

Tangu simu ile nimekuwa nikiwaza juu ya mikono. Shangazi alizaliwa akapakwa mafuta ya nazi na bibi yake, mgongoni, kwapani, nyuma ya masikio, kwa mikono iliyokuwa ikimfinyanga kichwa na kumnyoosha miguu. Alipoolewa alisingwa kwa liwa na msio na wanawake waliomzidi umri, wakicheka na kumfundisha mambo ambayo hayasemwi mchana. Na siku yake itakapofika, ambayo namwomba Mungu aicheleweshe, wanawake wa mtaa wake watamwosha, na karafuu maiti itapakwa kwenye paji la uso, pua, viganja, magoti na ncha za miguu, zile sehemu zilizogusa ardhi katika kusujudu kwake kote. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu huanza kwa kupakwa na wenzake na humaliza kwa kupakwa na wenzake. Katikati ipo miaka ambayo hujipaka mwenyewe, peke yake, na ni miaka hiyo tu ambayo duka linaijua. Ndiyo maana lugha yake yote ni ya mtu mmoja na kioo kimoja: pambana, futa, rudisha. Mikono ile ya mwanzo na ya mwisho haikuwa na haja ya kufuta kitu. Ilikuwa ikitunza mwili uliokabidhiwa kwao, na paji la uso lenye mistari mingi hupakwa kwa upole ule ule wa paji lisilo nayo. Nilimpelekea shangazi gliserini na mafuta mazito yasiyo na manukato, na nikamwomba mjukuu wake awe anampaka mgongo, mahali ambapo mkono wake haufiki tena.

Kutunza na kufuta. Mambo haya mawili yamo ndani ya kopo moja na hayatengani kwa urahisi, nami sidai kwamba kila anayetaka kufuta anakosea. Kipo kiungo kimoja ambacho kweli hufuta, walau kidogo. Daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alikuwa akitibu chunusi kwa tretinoini, dawa ya ukoo wa vitamini A, na wagonjwa waliokuwa watu wazima wakaanza kusema kwamba nyuso zao zinakuwa laini. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha ushahidi kwamba dawa hiyo huiponya kwa sehemu ngozi iliyoharibiwa na jua, na katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliiruhusu kwa makunyanzi madogo. Hadi leo tretinoini ni dawa ya cheti. Kinachouzwa rafuni ni retinoli, ndugu yake mpole, ambayo ngozi hulazimika kuibadilisha yenyewe kabla haijafanya kazi. Hutaka miezi, si siku. Mwanzoni huchoma na kubambua. Mjamzito hashauriwi kuigusa. Tena huharibiwa na mwanga na hewa, kwa hiyo anayeinunua achague ile iliyo ndani ya tyubu au chupa ya kubonyeza, aliache kopo la mdomo mpana hata likiwa zuri namna gani.

Ila ukiisifia retinoli, sema na ilikotoka. Tangu 1951 hadi 1974 Kligman aliendesha majaribio ndani ya gereza la Holmesburg, Philadelphia. Wafungwa, wengi wao wakiwa weusi, walilipwa fedha kidogo wajaribiwe krimu, manukato, madawa, hata dioxini, na ndani ya gereza mtu aliyejiandikisha alitambulika kwa miraba ya bandeji mgongoni. Ujuzi wa dawa hii ulijengwa kwa sehemu juu ya migongo hiyo. Wengi hawakuelezwa walichopakwa. Wapo waliotoka na makovu na maradhi, na wakazeeka wakidai kusikilizwa. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022, karibu nusu karne tangu majaribio yakome na Kligman mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Siwezi kumwambia mwanamke wa Kariakoo asinunue retinoli kwa sababu hiyo. Migongo ile imekwisha kulipa, na kuitupa dawa hakuwarudishii kitu. Lakini naona ni deni kulijua jambo hili. Ulaini wa shavu moja ulitafutwa kwenye mgongo wa mwingine ambaye hakuwa na uhuru wa kukataa, na uso wangu ukipata nafuu kwa ujuzi huo, wale watu ni sehemu ya uso wangu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Na baada ya kusema hayo yote, lililo kubwa halimo kwenye krimu za kufuta. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Nusu ya kulia ya uso wake ni ya mtu wa umri wake, au mdogo kuliko hapo. Nusu ya kushoto, iliyokuwa upande wa dirisha, imenyauka, ina mifereji mirefu, na ngozi ya chini ya jicho imening'inia na kufanya vinundu. Ni nyuso za mtu na baba yake zimekutana puani. Umri wa pande zote mbili ni mmoja, chakula ni kimoja, huzuni ni zile zile. Kilichotofautiana ni jua. Mionzi ya urujuanimno ina aina mbili zinazotufikia: B, inayounguza na kuzuiwa sana na kioo, na A, inayopita kwenye kioo, isiyounguza wala kuuma, na inayozama hadi kwenye zile nyuzi za kolajeni na kuzikata mwaka baada ya mwaka. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo shavu linalolipa ni la kulia. Nikipanda basi la mkoani huketi nikimtazama dereva, mkono wake wa kulia ukiwa dirishani tangu Mbezi hadi Chalinze, na kuwaza kwamba hakuna aliyewahi kumwambia.

Picha ile ingeweza kumkatisha mtu tamaa, lakini ina mwenzake wa kumpa moyo. Huko Queensland, Australia, watafiti waliwagawa watu wazima 903 wa chini ya miaka 55: nusu wakaambiwa wapake krimu ya jua kila siku, wengine wapake wanapopenda wenyewe. Baada ya miaka minne na nusu, waliopaka kila siku walionyesha kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Ngozi ivute ingali maji, walisema wahenga wakizungumzia ngozi ya mnyama, na mtu mzima wa miaka 40 angeweza kudhani yake imekwisha kukauka, hapana la kuvuta tena. Hao wa Queensland wanasema muda upo. Krimu inayostahili kuitwa ya makunyanzi kuliko zote haina neno makunyanzi kwenye kopo lake. Huwa imewekwa rafu ya chini, karibu na dawa za mbu, na wengi wetu hudhani ni ya watalii.

Tunadhani hivyo kwa sababu yenye ukweli ndani yake. Melanini ni mwavuli. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1979 kilionyesha kwamba ngozi ya juu ya mtu mweusi huzuia jua kwa kiwango cha kinga (SPF) cha 13.4, na ya mzungu 3.4, kwa wastani. Ndiyo maana mistari hutuchelewea, na mwanamke wa hapa huweza kufika miaka 50 akiwa na shavu ambalo mwenzake wa London aliliaga zamani. Kinachotutangulia sisi ni madoa: weusi wa chini ya macho, vivuli vya mashavuni baada ya ujauzito, alama ya kila chunusi iliyowahi kutokea. Na soko limeliona hilo. Mwanamke anakuja kuulizia makunyanzi na madoa, anaondoka na mkorogo, mchanganyiko wa kujichubua. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kuviondoa kabisa sokoni vipodozi vyote vyenye zebaki. Bado makopo yanaingia, mengine na steroidi kali ndani yake kama klobetasoli, dawa ya ukurutu inayofaa kwa maelekezo ya daktari na kwa muda mfupi. Wiki za kwanza uso huwa mwororo ajabu. Kisha ngozi hukonda, mishipa ikaonekana, michirizi ikajitokeza, na uso uliotafutiwa ujana ukawa mwepesi kuchanika. Haidrokwinoni kwa miaka huweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi ambayo hayatoki. Na kubwa kuliko yote, mwavuli wenyewe umekunjwa. Mtu aliyezaliwa na kinga ameilipia fedha imwondoke, katika nchi ya jua la Januari. Hili linaniuma, na sioni jinsi ya kuliandika kwa utulivu.

Wapo wenzetu waliozaliwa bila mwavuli huo. Kwa mtu mwenye ualbino jua si suala la mistari, ni suala la uhai: saratani ya ngozi inaua wengi wao wakiwa vijana, na huanza na kidonda kidogo sikioni au shingoni ambacho hakipoi. Huko Moshi hutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, nayo huwafikia kupitia kliniki na mashirika yanayozunguka mikoani. Hakuna dhahabu wala konokono katika krimu hiyo. Ipo imfikishe mtoto shuleni na kumrudisha akiwa mzima. Nikiulizwa kopo la kutunza lina sura gani, ndilo hilo.

Nilimkuta mama mmoja katika duka la Kariakoo akiwa na binti yake mwenye ualbino, mtoto wa darasa la tatu au la nne, kofia pana na mikono mirefu ya sweta kwenye joto lile. Aliomba krimu ya jua. Kijana wa kaunta akamletea kopo la kung'arisha ngozi lenye maandishi SPF 15 pembeni. Mama akaligeuza, akafuata viungo kwa kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza, akalirudisha. Alikuwa amefundishwa kliniki. “Hii ni ya kung'arisha, kaka yangu,” alisema. “Mimi nataka ya kukinga, kuanzia 30, isiyo na mambo mengine.” Kijana akatafuta rafu hadi rafu, akapanda ngazi, akashuka na mikono mitupu. Duka zima, makopo mamia kwa mamia ya kurudisha ujana, na la mtoto yule halikuwemo. Nikamwambia kijana kwamba hata mimi naihitaji, na dereva wa basi anaihitaji, na yeye anayefungua mlango wa duka saa mbili asubuhi jua likimwangalia usoni. Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akachana kipande cha boksi, akamuuliza mama airudie ile namba, na akaiandika.